Winga Aliyecheza Nusu ya Uwanja

Harufu ya kiazi mviringo kilichochemshwa na ganda lake, kikipasuka na kutoa mvuke katikati ya ukungu wa Julai, hunirudisha kijijini kwetu Yakobi hata ninapokuwa mbali. Ni harufu ya udongo ambao haukuisha wote kwa maji, ya moshi wa kuni za miwati ulioingia mpaka kwenye chumvi, na ya gunia lililolowa ambalo mama alifunikia kikapu ili joto lisitoroke. Jumamosi asubuhi mama alichemsha viazi kwenye sufuria lile kubwa la sherehe za kipaimara, na mchana, manyunyu yakitupa nafasi, tulikwenda uwanjani kuviuza. Yeye alibeba kikapu kichwani, mimi nikabeba kopo la chumvi iliyotwangwa na pilipili. Nilikuwa darasa la tatu, sina viatu, na vidole vyangu vya miguu vilikuwa vimezoea umande wa Njombe kama ng'ombe anavyozoea kamba. Leo nimezeeka. Nilisoma shule ya Biblia, nikafundisha watoto wa Jumapili miaka mingi, nimewazika wazazi wangu kwa amani na nimeona wajukuu. Kwa hayo yote namshukuru Mungu. Lakini kuna msimu mmoja wa mpira ambao watu bado wanaugombania, na kwa kuwa waliokuwepo wanapungua, nimeona niuandike kama nilivyouona mimi, kutoka nyuma ya kikapu cha viazi.

Uwanja wetu haukuwa na jukwaa wala uzio. Ulikuwa kipande cha nyasi kilichoinama kidogo, mistari yake ikichorwa kwa majivu ya jikoni, na upande wa mashariki palikuwa na safu ya miwati iliyokinga upepo. Mama alikaa chini ya miti hiyo kila Jumamosi, karibu kabisa na mstari wa pembeni, wala hakuwahi kuhama, maana muuza viazi akihamahama baridi humwahi. Watu walisimama kuzunguka uwanja wamejifunika makoti na mablanketi, na walichokuja nacho zaidi ya mapenzi ya mpira kilikuwa mashaka. Wageni hawakunywa maji ya wenyeji. Machungwa ya mapumziko yalinuswa kwanza, mengine yakatupwa. Timu nzima iliweza kuikataa njia ya kawaida na kutokea katikati ya shamba la mtu, kwa sababu fulani alionekana jana yake akiinama karibu na njia hiyo. Baba yangu, aliyekuwa mzee wa kanisa, alisema mpira umerudisha upagani kwa mlango wa nyuma, na hakukanyaga pale. Mama alimjibu kwamba viazi havijui upagani, akaendelea kuuza.

Mchezaji aliyewaleta watu kuliko wengine wote aliitwa Zabroni. Alivaa namba saba, winga ya kulia, kijana mwembamba wa kijiji cha Kichiwa mwenye miguu mirefu na macho ya aibu. Mpira ukimfikia aliusimamisha kwanza, kana kwamba anausalimia, kisha beki aliyemkabili akajikuta amebaki na nyasi. Watu walimpa jina la Jua la Julai. Aliyezaliwa kwetu haelezwi maana yake: mwezi huo ukungu hutanda tangu asubuhi, kisha ghafla jua linatoka, kila mtu anatoa mahindi kuanika na kunyoosha mgongo, na kabla hujamaliza kushukuru limeshaingia tena ndani ya wingu. Ndivyo alivyokuwa Zabroni msimu ule. Kipindi kimoja aling'ara mpaka wazee wakarusha kofia. Kipindi kingine, katika mechi hiyohiyo, akawa kama mtu aliyetumwa akasahau alichotumwa. Aliuacha upande wake, akajibanza katikati kwenye msongamano wa miguu, na mpira ukipigwa pembeni hakukuwa na wa kuufuata.

Msimu uliotangulia hakuwa hivyo, na binadamu hatupendi jambo lisilo na sababu, tusipoipata tunaitengeneza. Sababu ilikuwa karibu sana. Zabroni alifanya kazi ya utingo kwenye lori la Bwana Athumani, mfanyabiashara wa Makambako aliyekuja kununua viazi na mbao huku kwetu. Bwana Athumani alikuwa Mwislamu mcha Mungu, mcheshi, mwenye tumbo la kuridhika, na hakuna aliyeipenda timu ya Makambako kama yeye. Basi watu walijumlisha. Kijana anakula kwa Athumani, Athumani anataka Makambako ishinde, kijana anacheza nusu mchezo. Lisemwalo lipo, walisema, na kama halipo laja. Wengine walidai alikuwa akipitia kilabuni kunywa ulanzi wakati wa mapumziko, ingawa kila mtu alimwona amekaa kwenye nyasi na wenzake. Wengine walisema amerogwa mguu mmoja. Lakini neno lililokaa ni kwamba amehongwa, na kwamba amehongwa kwa vipindi.

Jambo ambalo watu hawakulijua ni kwamba mwanzoni mwa msimu uleule mshenga wa Zabroni alikuwa ameingia nyumbani kwetu. Alikuja kumposa dada yangu mkubwa, Eliza, aliyekuwa akiimba sauti ya kwanza kwenye kwaya. Alileta blanketi na jembe, akaviweka sakafuni, akaongea kwa mafumbo mpaka chai ikapoa. Baba alivipokea vitu bila kutoa jibu, akasema atamwangalia kijana kwanza. Kwetu posa isiyojibiwa haitangazwi, ili ikikataliwa binti asibaki akionyeshwa vidole sokoni. Kwa hiyo waliojua walikuwa sisi wa nyumba ile, mshenga na Zabroni mwenyewe. Hata wachezaji wenzake hawakujua.

Na tangu siku ile, kwa Zabroni, wazazi wangu walikuwa wakwe. Vijana wa leo wakisikia neno hilo wanafikiria harusi na picha. Kwa Wabena wa wakati ule mkwe alikuwa mtu wa kuogopwa kwa heshima. Mwanamume hakula mbele ya mama mkwe, hakucheka kwa sauti akiwa karibu naye, hakumkatia njia, wala hakumwonyesha mapaja yake. Niliyaona kwa macho yangu. Siku moja tulikuwa tunatoka kusaga, mama ana debe la unga kichwani, tukakutana na Zabroni kwenye njia nyembamba. Aliiacha njia mara moja, akaingia kwenye matuta ya viazi ya jirani, akachutama na kugeuza uso upande. “Kamwene, mama,” akasalimia kwa sauti ya chini. Mama naye akaitikia huku ameangalia ng'ambo nyingine, maana mkwe wa kike pia ana adabu yake. Zabroni hakuinuka mpaka tulipopita kabisa. Niligeuka nikaona suruali yake imelowa umande mpaka magotini, nikacheka, mama akanifinya.

Ikaja Jumamosi ya Makambako kucheza kwetu. Kipindi cha kwanza Zabroni alicheza upande wa magharibi, mbali na miwati, na sijui kama nimewahi kuona tena mtu akiufurahia mwili wake namna ile. Tulipata goli mapema, kutokana na krosi yake. Kisha, baada ya mapumziko, timu zikabadilishana pande, na kama ilivyo kwa winga ya kulia, akaja upande wetu. Akapotea. Makambako wakasawazisha, wakaongeza la pili, na nyuma ya kikapu chetu midomo ikafunguka.

“Namba saba! Huo ni upande wako, nani akuchezee? Mjomba wako?”

“Mwacheni, siagi imeisha. Mkate wake hupakwa upande mmoja tu.”

“Kala huyo! Kala kwa Athumani!”

“Mtoeni nje akaoshe lori!”

Mama alikuwa ameinamia kikapu, anapanga viazi ambavyo vilikuwa vimeshapangwa. Kila Zabroni alipokaribia mstari yeye aligeuza uso, kama desturi ilivyomtaka. Msimu mzima alikaa karibu na kijana yule kuliko mtazamaji mwingine yeyote, na hakumwona akicheza hata mara moja.

Maneno ya uwanjani yalimfikia baba kesho yake nje ya kanisa, baada ya ibada, pale wanaume wanaposimama kuota jua. Alirudi nyumbani, akavua koti lake jeusi, akaketi. Baba hakuwa mtu wa hasira. Alikuwa mtu wa kupima, na kitu akishakipima kikapungua alikirudisha kwa mwenyewe. Mshenga alikuwa anategemewa kuja kuchukua jibu Jumapili ya kufuata mechi ya marudiano. “Nitamrudishia blanketi na jembe,” baba alisema. “Mtu anayewauza wenzake kumi mbele ya macho ya watu, nikimpa mtoto wangu atamuuza wapi?” Eliza alikuwa amepiga magoti akimnawisha baba mikono, na niliona maji yakiendelea kumwagika ingawa mikono ilikuwa imeshaondoka. Dada yangu alikuwa mpole kuliko sisi wote, kwa hiyo alipofungua mdomo nilishtuka.

“Baba, umetufundisha kwamba shahidi ni aliyeona. Wewe umeona?”

Baba alijifuta mikono taratibu. “Sijaona.”

“Basi usimhukumu kwa midomo ya watu. Nenda Makambako ukamwone mwenyewe.”

Ndivyo mzee wa kanisa alivyopanda lori la mashabiki Jumamosi ya marudiano, amevaa koti lake la ibada, amekaa juu ya kikapu kilichogeuzwa, mimi na mama tukiwa kando yake na viazi vyetu. Wakati ule barabara ya Makambako ilikuwa ya vumbi, na vijana waliimba njia nzima nyimbo ambazo baba alijifanya hazisikii. “Mzee, leo shetani amekushinda?” mmoja alimtania. Baba akamjibu, “Hapana. Nimesikia yuko kwenye timu yenu, nimekuja kumwangalia.” Lori zima likacheka, nami nikaona fahari, lakini nilijua kwamba hakutania. Blanketi na jembe vilikuwa vimeshatolewa darini na kuwekwa karibu na mlango wa nyumba yetu.

Makambako haikuwa kama kwetu. Kwetu mtu alisalimia kabla ya kuuliza bei. Pale watu walitoka pande zote za nchi na walikuwa na haraka. Upepo wake mkavu ulikata mdomo, filimbi ya treni ilisikika kutoka kwenye reli iliyokuwa bado mpya, na kabla mechi haijaanza adhana ilipita juu ya mabati. Uwanja ulikuwa karibu na mahali pa kuegesha malori. Mama alitafuta mahali pa kukinga upepo, akakaa mbele ya malori hayo, karibu na mstari. Baba alisimama pembeni yake, mikono nyuma, ncha za viatu vyake zikiwa juu ya majivu ya mstari. Hawakujua kwamba upande ule ndio ambao winga wetu wa kulia angechezea kipindi cha kwanza.

Zabroni aliingia akikimbia, akaelekea mahali pake, akamwona mama. Kisha akamwona baba. Nilikuwa nimekaa chini kabisa, niliona uso wake vizuri. Aliishika bukta yake kwa mikono miwili akaivuta chini. Bukta za siku zile zilikuwa fupi. Hazikuwa na cha kuvutwa. Halafu akarudi nyuma, akaingia katikati ya uwanja, na kwa kipindi chote kile upande wetu ulikuwa mtupu kama kanisa la Jumatatu. Makambako walipata goli. Mashabiki wetu waliacha hata kutukana, walisonya tu. Baba alitikisa kichwa polepole, kama mtu ambaye hesabu yake imetoka sawasawa na alivyoogopa.

Filimbi ya mapumziko ilipopigwa baba alimgeukia mama. “Nimeona. Lakini kipindi cha pili nitavuka ng'ambo, nikasimame palepale atakapokuwa. Nataka nimtazame usoni.” Mama hakupata nafasi ya kujibu, kwa kuwa Bwana Athumani alikuwa amefika na kanzu yake inapepea, anakula kiazi na kucheka peke yake.

“Shikamoo, mzee. Mama Viazi, hujambo? Nina ombi.”

“Sema, Bwana Athumani.”

“Hamia ng'ambo ile. Vyote vilivyobaki kikapuni nanunua mimi.”

“Ng'ambo kuna upepo. Kwa nini nihamie?”

“Usinifiche, mama.” Akainama kidogo na kushusha sauti. “Nimeangalia tangu kule Njombe. Huyu utingo wangu, upande ulipokaa wewe, anafia hapohapo. Una nini ndani ya hicho kikapu?”

Baba alisogea mbele. “Mke wangu anaimba kwaya. Sisi si watu wa ndumba.”

“Astaghafiru! Nani kasema ndumba, mzee? Mimi nimesema ahame.”

“Wewe ndiye unayemhonga yule kijana.”

Bwana Athumani aliacha kutafuna. “Nimhonge? Mzee wangu, nimembembeleza mwaka mzima aje achezee Makambako, amekataa. Ningekuwa naweza kumnunua si angekuwa amevaa jezi yetu?” Kisha akaenda zake huku anamsisitizia mama kwa mkono, ng'ambo, ng'ambo ile.

Mama alibaki ametazama mstari wa majivu. Niliona anahesabu kitu moyoni, Jumamosi baada ya Jumamosi, miwati, kipindi cha kwanza, kipindi cha pili. Akafunika mdomo kwa khanga, mabega yakaanza kutikisika, nikadhani analia. Hakuwa analia. Alimwita baba karibu, na kwa Kibena, ili watu wa malori waliotuzunguka wasielewe, akamwambia kwamba kijana yule hakuwa akiukimbia mpira. Alikuwa akitupisha njia.

Baba alitazama viatu vyake juu ya mstari, akatazama koti lake, akatazama wachezaji waliokuwa wamekaa kwenye nyasi upande wa pili. Zabroni alikuwa peke yake kidogo, ametugeuzia mgongo. “Na mimi nilitaka nikasimame mbele ya uso wake,” baba alisema. “Ungemmaliza,” mama akamjibu. Baba aliinua kikapu yeye mwenyewe, jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya mbele za watu, na sisi watatu tukaondoka mstarini, tukapita katikati ya malori, tukaenda kukaa nyuma ya lori lililojaa mbao, tumeelekea reli, tumeupa uwanja mgongo. Mama alisema hata kubaki pale, mbali naye, hakutoshi. Kijana lazima aone kwamba hatupo kabisa.

Kwa hiyo mechi ambayo watu wa Njombe wanaikumbuka kuliko zote, sisi hatukuiona. Tuliisikia. Nilisikia miguu, nikasikia refa, nikasikia kimya kifupi cha watu wengi wanaovuta pumzi, kisha kelele ikapanda juu ya malori kama ndege waliofukuzwa shambani. “Ni nani?” baba akauliza. “Sikiliza tu,” mama akamwambia, akampa kiazi. Kelele ikaja tena, safari hii ikiwa na jina ndani yake, Jua, Jua, na katikati yake tukasikia sauti ya Bwana Athumani ikilia kama ya mtu aliyeibiwa: “Jamani, yule mama yuko wapi? Mtafuteni yule mama!” Baba alikuwa na kiazi mdomoni. Alicheka mpaka akapaliwa, nikampiga mgongoni kwa kiganja. Nilikuwa sijawahi kumpiga baba, na sikuwahi kumwona akicheka namna ile tena, ingawa Mungu alimpa miaka mingi baada ya hapo.

Ungedhani mashaka yangeishia pale. Hayakuisha, yalihama. Tulipopanda lori kurudi, vijana walikuwa wamembeba Zabroni mabegani mpaka akawa hana mahali pa kuficha miguu yake. Aliomba akae mbele na dereva. Mmoja akamgeukia baba. “Mzee, nimewaona. Mlikwenda nyuma ya malori, mkarudi tumeshinda. Mlikwenda kufanya nini?”

“Tulikula viazi.”

“Viazi gani hivyo vinavyofunga magoli?”

Walicheka, lakini kicheko chenyewe kilikuwa na macho. Kufika kwetu neno lilikuwa limekwisha kukua: mzee wa kanisa anazo ndumba. Kuna waliosema kikapu kilikuwa na kitu chini ya viazi, na kwamba koti jeusi halikuvaliwa bure. Baba angeweza kujitetea palepale kwa kutaja posa, lakini alikuwa hajaijibu, na hakutaka kusafisha jina lake kwa jina la binti yake. Alivumilia. Jumapili mchana mshenga alipokuja, blanketi lilikuwa limerudishwa darini na jembe lina udongo, maana mama alikuwa ameshalilimia. “Mwambie aje,” baba alisema. Maneno yalikuwa hayo tu. Eliza alitoka nje kuchota maji, na pipa lilikuwa limejaa.

Baadaye wazee wenzake wa kanisa walimwita baba, pamoja na mchungaji, kumuuliza juu ya ndumba za Makambako. Sasa aliweza kueleza, akaeleza. Alituambia kwamba mzee mmoja, mkongwe kuliko wote, alianza kucheka, akasema yeye ujanani aliwahi kuingia kwenye bwawa na nguo zake zote ili mama mkwe apite. Wakaomba, wakaagana. Waliokuwa ndani ya chumba kile waliamini. Waliokuwa nje hawakuamini, na watoto wao hawaamini mpaka leo. Nimewahi kumweleza shabiki mmoja mzee pale stendi ya Njombe habari hii yote, akanisikiliza kwa adabu, akasema, “Dada, wewe ni shemeji yake. Lazima umtetee.”

Mama aliacha kuuza viazi uwanjani. Alihamia sokoni, mahali penye washindani wengi na faida ndogo, na hakumweleza mtu sababu. Nitakuwa mwongo nikisema kwamba tangu hapo Zabroni aling'ara kila Jumamosi. Kulikuwa na mechi ambazo mama alikuwa sokoni, baba kanisani, mstari mtupu kabisa, naye akapotea vilevile. Mimi pia nikaanza kumtazama kwa jicho la pembeni. Labda sababu ile tuliyoipenda ilieleza nusu tu, kama yeye alivyocheza nusu. Nilipokuwa mtu mzima nilimuuliza, siku moja tukipalilia. Alisimama, akaegemea jembe. “Shemeji,” akasema, “siku nyingine mpira wenyewe ulikuwa unanikataa. Ningewaambia hivyo, nani angeniamini?” Nimejifunza kuyaacha mengine kwa Yeye aonaye uwanja wote.

Mwaka huu magoti ya Zabroni yamemsumbua, na kwa kuwa Eliza hawezi tena safari ndefu, nilimsindikiza mimi mpaka hospitali ya misheni kule Ikonda. Tulikaa kwenye benchi na wagonjwa waliotoka mbali, kila mtu na karatasi yake na blanketi lake. Mzee mmoja wa Makambako alimkodolea macho shemeji yangu, akasogea. “Wewe ni Jua la Julai.” Zabroni akakubali kwa kichwa. “Bwana, mimi nakaribia kufa. Niambie. Ile mechi ya kwetu, kipindi cha kwanza, ulihongwa na nani?”

Zabroni alifikiri kidogo. “Na mama mkwe.”

Benchi zima lilicheka. Mzee wa Makambako alicheka mpaka akashika ubavu wake mgonjwa, akasema unaona, mpaka leo anaficha. Shemeji yangu hakucheka. Alikuwa amesema kweli yote aliyokuwa nayo. Pembeni yake alikaa kijana aliyevaa jezi ya timu ya ng'ambo, anatazama kwenye simu goli lililofungwa jana yake, likirudiwa kutoka upande huu, kutoka upande ule, kutoka juu, na kila likirudiwa anasema refa amenunuliwa. Nilifikiri: wameongezewa macho namna hii, na bado hawaamini wanachokiona. Kijana akainua uso. “Babu, mama mkwe anamhonga mtu vipi? Wa kwangu mimi ndiye shabiki mkubwa nyumbani. Mpira ukianza tunakaa naye kochi moja, tunapiga kelele pamoja.”

“Kochi moja?” Zabroni akauliza.

“Kochi moja, babu.”

Shemeji yangu alimtazama kuanzia viatu mpaka kwenye bukta aliyokuwa ameivaa mle hospitalini, bila wivu na bila kulaumu, kama mtu anayetaka kweli kujifunza.

“Na miguu yako,” akamuuliza, “unaiweka wapi?”

Kijana alifungua mdomo kujibu, kisha akaitazama miguu yake.